Kigoda cha Mlimani

Bi Zamda alipoinuka kitandani baada ya kuugua sana, daktari alimwagiza atembee kila asubuhi. Mumewe, Shomari, akawa anamtangulia na kigoda kwenye njia ya mlimani inayoanzia mlangoni kwao, anakiweka pale anapojua pumzi zitamwishia mkewe. Siku za mwanzo hakikuvuka ua wa jirani. Baadaye kikafika kwa muuza maandazi, kisha kwa fundi cherehani, na mtaa mzima ukawa unajua hali ya Bi Zamda kwa kuangalia kigoda kilipo.

Leo Shomari alikiweka karibu kabisa na kilele, akakipangusa vumbi kwa ncha ya shati.

“Kaa, mama Rukia, upumzike.”

“Nani kachoka?” akasema mkewe, akapita.

Shomari akakikwapua kigoda, akamfuata mbio. Alimkuta kileleni anamngoja, naye Shomari anahema juujuu, kofia imemteremkia usoni. Bi Zamda akakichukua kigoda, akakitua chini.

“Haya, kaa wewe, baba Rukia.”

Akakaa, huku anacheka. Alipomaliza kujifuta jasho na kuinua macho, mkewe alikuwa ameshaanza kuteremka upande wa pili, ambako kigoda hakijawahi kufika.