Ulimi wa Mzee Ngatia

Ben mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti. Nyuma ya ofisi ya ujenzi ya serikali mjini Nyeri, mafaili ya kandarasi za miaka ishirini yakashika moto, naye akasimama kando, tai ameitupia begani isipate majivu.

"Karatasi kwisha," akasema. "Tumeingia elfu mbili, jamani! Sasa mtu akiwa Nairobi anafungua ukurasa kwa mtandao, anaona kila daraja ya hapa."

Alikuwa ametumwa kuing'oa programu ya zamani, ile ya skrini nyeusi iliyokaa ndani ya kompyuta moja tu, ikazimika nayo kila stima ilipopotea. Kwa miezi mitatu mfumo mpya ulikuwa umelishwa kwa njia moja: Mzee Ngatia, karani wa masjala, alisoma faili kwa sauti, Jeniffer, mpiga chapa, aliandika bila kuondoa macho kwenye skrini. Faili ikishaingizwa, ilitupwa kwenye rundo la kuchomwa.

"Kandarasi ya rami," mzee alisoma. "Kiromita nane."

Jeniffer aliandika lami. Aliandika kilomita. Alikuwa ameshamzoea. Ila Ben hakuweza kupita mlangoni bure.

"Mzee, hebu sema 'lala'."

"Rara."

"Sema 'malaria'."

"Mararia."

Ben alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Ati huyu ndiye anatuingiza karne mpya!"

Mzee alitabasamu, akafunua ukurasa uliofuata. Aliyeinamisha uso ni Jeniffer.

Asubuhi moja stima ilikatika, kazi ya masaa manne ikapotea.

"Lahaula!" mzee akamaka.

"Hiyo nayo umetoa wapi, Mzee?" Jeniffer akamuuliza, akicheka.

"Majirani wa Majengo, mtoto wangu. Ikirudi, tuanze tena."

Stima iliporudi walianza tena. Daraja moja upande wa Kiriaini. Mkandarasi: Rorera Builders.

"Ni R zote mbili, Mzee?"

"Andika vire nasema."

Akaandika. Faili ilikuwa pale, futi mbili kutoka mkononi mwake, lakini mzee alikuwa rika la baba yake. Angemnyang'anya karatasi ili amsahihishe ulimi, kama Ben?

Wiki sita baada ya moto ule, mvua ya masika iliufurisha mto, na daraja likaanguka na watu wanne. Saruji yake ilimeguka vidoleni kama mandazi ya jana.

Tume ikaundwa. Watu wa Kiriaini wakasema waliyoyaona: malori ya Lolela Builders, jina ubavuni kwa herufi nyekundu.

"Malori hukodishwa," akajibu wakili wa Lolela. "Naomba mfumo wa serikali ufunguliwe."

Ukafunguliwa. Daraja lilijengwa na Rorera. Kenya nzima haikuwa na kampuni iliyosajiliwa kwa jina la Rorera. Nakala ya faili iliyopaswa kuwa Nairobi haikuonekana. Na majivu hayasomeki.

Basi wakamgeukia aliyeandika.

"Ulipewa nini, dada, ndiyo ubadilishe jina?" akauliza Bwana Muriithi, mwenyekiti wa tume. Polisi wawili walikuwa wamesimama karibu na mlango, pingu kiunoni.

Jeniffer aligeukia ukumbi. Kwenye benchi la mbele, Mama Ngendo, aliyemzika bintiye na kiatu kimoja kwa sababu cha pili kilichukuliwa na mto, alimkazia macho. Macho hayo yalimuuma kuliko zile pingu.

Mzee Ngatia akasimama, kofia mkononi.

"Mtoto hana makosa. Ni urimi wangu. Mimi ndiye nirisoma Rorera."

"Unamaanisha Lolela?"

"Ndiyo. Rorera."

"Lo-le-la, Mzee."

"Ro-re-ra."

Ukumbi ukalipuka. Wakili alicheka. Ben alicheka kuliko wote, akimtazama kila aliyekuwa karibu naye kana kwamba anasema, niliwaambia. Hata Bwana Muriithi alitoa leso akajifuta macho. Mama Ngendo peke yake hakucheka.

Tume iliandika maneno matatu: kosa la matamshi. Mzee akastaafishwa siku hiyohiyo. Jeniffer akarudi kwenye kiti chake. Lolela ikaenda zake, na watu wanne wakafutwa kwa kicheko kimoja.

Jumamosi Jeniffer alinunua sukari kilo mbili, majani ya chai na mkate, akateremka Majengo. Njia nzima alipanga maneno. Alitaka kumwambia mzee kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akikubali kuchekwa na ukumbi mzima ili mtoto wa mwenzake asifungwe.

Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya mwanamume, Kiswahili laini, kinateleza kama cha mtangazaji wa redio:

"Lile la Lolela limelala, kaka. Lala nawe."

Jeniffer akasita, mkate kifuani. Mke wa mzee akatokea upande wa jikoni akipangusa mikono kwa leso yake.

"Karibu, mama. Mbona unasimama inje?"

"Nitangoja tu, Mama. Naona Mzee ako na mgeni."

"Mgeni gani?" Mama akacheka. "Tumewekewa simu juzi. Huyo ni mzee."