Ukurasa Uliokataa Alasiri

Nilibonyeza "Tuma" mara ya pili, na simu ikanikatalia tena kwa maandishi mekundu: "Alasiri maji ya mkondo wa Mkanda yatakuwa yamekupwa. Chagua asubuhi."

Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Miguu yake ilikuwa imevimba, ukiigusa kwa kidole shimo linabaki. Nilitaka apumzike, twende hospitali ya Amu baadaye, kwa boti kupitia Mkanda.

Nikampigia Aaliya, binti yetu, aliyeuandika ukurasa huo wa kukodi boti za Kizingitini.

"Ondoa hicho kizuizi chako. Tarehe nimeweka, saa nimeweka."

"Baba, hayo kila ukurasa unaangalia. Huu nimeuandikia kanuni yangu mwenyewe, uangalie na maji. Siondoi."

"Mimi wanifunza bahari?"

"Leo ndiyo. Muamshe mama."

Nikachagua asubuhi, nikamuamsha.

Tulipoingia Mkanda, tope lilikuwa limeshaanza kutokeza chini ya mikoko, huku na huku. Nahodha akainua mashine ya boti isiguse tope, tukapenya polepole. Hapo ndipo pumzi za mke wangu zilipoanza kukatika.

Tulipokaribia Amu nikampigia tena Aaliya.

"Mwanangu, Mungu akuweke."

"Mushafika?"

"Naliona gati."