Duara la Karatasi Nyeusi

Siku tatu mfululizo Mwanakheri alimwonyesha Bwana Afya, kwa hadubini, mdudu wa kichocho aliyemtoa bwawani, na siku zote tatu mzee huyo alikataa kulifunga bwawa. Tone la maji lilikuwa nene. Kichwa kikionekana vizuri, mkia unapotea ukunguni. Ukizungusha gurudumu la hadubini upate mkia, kichwa nacho kinatoweka.

"Hivi ni vitu viwili, binti yangu. Siwezi kuuzuia mji mzima kuoga kwa ajili ya vipande."

Siku ya nne Mwanakheri alikata duara dogo la karatasi nyeusi, akalibandika katikati ya lenzi, mwanga ukawa unapita ukingoni tu, kama pete.

"Sasa umeliziba jicho lenyewe!"

"Wewe chungulia tu, mzee wangu."

Bwana Afya akainama, vidole vikashika gurudumu kwa mazoea. Picha ilikuwa na giza kidogo, lakini ule mwanga wa pete ulionyesha kina chote cha tone kwa pamoja: mdudu alilala humo mzima, kuanzia kichwani hadi kwenye mkia wake wenye panda. Vidole havikuzungusha kitu. Vikaachia taratibu.

"Shikamoo, mwalimu," mzee akasema.

Mwanakheri alicheka hadi machozi yakamtoka. Mzee hakuinua kichwa. Jicho lilikuwa bado kwenye hadubini, na mkono ukipapasa mfukoni, ukitafuta ufunguo wa lango la bwawa.