Masuke Juu ya Moshi

Kanga, mwenye shingo ya kuchungulia, hakumwamini jirani yake Nungunungu. Kila mavuno Nungunungu aliwagawia wenzake masuke manene ya mtama, kisha yale membamba yaliyokomaa bila mvua akayatundika juu ya moshi wa jiko lake.

"Nani agawe vinono abaki na vikonde?" Kanga akawaza. "Lipo jambo."

Siku moja akapenya jikoni, akaiba fungu kubwa kuliko yote, akalila na wanawe.

Mvua haba zilipoanza, Nungunungu akawaita majirani, akampa kila mmoja fungu lake la mbegu. Kanga akasubiri hadi mwisho.

"Na langu, ndugu yangu?"

"Lako limeibwa, jirani. Nalo ndilo lilikuwa kubwa, maana una watoto wengi."