Vyuma Haviingii

Mara ya tatu mpiga picha wa hospitali alitoka chumba cha MRI amekunja uso. "Dada, mama yako mbishi. Namwambia abane pumzi, yeye anahema tu. Picha zote ukungu mtupu."

Binti alikuwa palepale mlangoni alipozuiwa tangu mwanzo. "Si niliomba niingie naye? Ukasema ndugu wanakaa nje."

"Ndio utaratibu. Humo ndani huna kazi. Maelekezo yote anayapata kwenye spika."

Kwenye spika. Damu ilimchemka binti. Alikunjua ngumi, akamwekea kiganja mbele ya macho. Vile vifaa viwili vya masikioni vya kumsaidia mama kusikia, ambavyo bwana huyohuyo alimvua kwa mikono yake na kumkabidhi binti kwa sababu vyuma haviingii, vilikuwa vinapiga mluzi mwembamba kama mbu.

Mpiga picha alivitazama.

"Kwa hiyo muda wote huo," binti alisema polepole, "ulikuwa unaongea na nani?"

Hakungoja jibu. Alivua hereni, akavua bangili na saa, akamjazia vyote mikononi, akampita.

Ndani, mama alikuwa amelala kimya, macho mlangoni, akisubiri mtu aje amwambie la kufanya.