Wageni wa Mika

Chai ilipoa kwenye chupa, maandazi yakaanza kukauka, na wageni hawakuja. Matilda alichungulia dirishani mara ya kumi. Jumamosi ya nne hii! Pale Ipogolo akina mama wa jumuiya humwendea kila mzazi kwa nyimbo na vigelegele. Kwake kimya, utadhani amezaa jiwe.

Wa kumlaumu alimjua. Yuko uani, anafua nepi: mama mkwe wake, Mama Zabron, aliyekuja kutoka Rujewa na gunia la mchele na uso mkavu. Tangu aingie, mtu akipiga hodi hutoka yeye mwenyewe, anakohoa kidogo, ananong'ona naye getini, na mgeni anageuza.

"Mama, unawaambia nini watu wangu?" Matilda alimuuliza siku moja.

"Nawaambia mtoto amelala."

Mtoto gani huyo wa kulala mwezi mzima! Na kiburi je? Hata kanisani mama yule alikaa benchi la nyuma peke yake, hampi mtu mkono.

Ni kweli Mika alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na nusu. Sista Devota, nesi anayewatembelea watoto njiti majumbani kila Alhamisi, alishasema: moshi hapana, mikono inawe, mwenye mafua asimkaribie mtoto. Matilda aliitikia. Lakini mtu amekuletea kanga na sabuni, utamwambiaje arudi alikotoka? Alishindwa. Shangazi yake akaingia na mafua yake, akambusu mtoto, na Mika akalazwa siku sita kwenye oksijeni. Ndipo mama mkwe akaitwa aje kusaidia.

Alipofika, Devota alimpima kifua na makohozi, kama anavyompima kila anayehamia kwenye nyumba ya mtoto njiti. Majibu yakaja safi. "Bibi huyu ana mapafu ya msichana," alicheka.

Alhamisi iliyopita nesi alikuwa na furaha zaidi. "Mtaa mzima unakohoa, Mika hata chafya! Mnafanyaje?"

Matilda alinuna tu. Amwambie kwamba anaishi kama mfungwa?

Sasa, mbele ya maandazi yale, uvumilivu ulimwishia. Alitoka uani. "Mama, kesho panda basi urudi Rujewa. Nimechoka kutengwa kwa sababu yako!"

Mama mkwe alikamua nepi, akaianika. "Akifika kilo nne nitaondoka."

"Kesho!"

"Kilo nne, mwanangu."

Lo! Matilda alisonya, akatoka na hasira zake hadi kwa Esther, jirani waliyekuwa wakichota maji pamoja tangu aolewe. Leo angemwambia usoni: kama mmenisusa, semeni.

Esther alipomwona alirudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Kamwene, Mama Mika. Simama hapo hapo, mwenzangu. Usinichukie."

"Kwani nimewakosea nini, Esther? Hata kuja kumwona mtoto hamtaki?"

"Hujatukosea. Tunakuonea huruma mno." Esther aliteremsha sauti. "Mama mkwe wako alituambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwamba ana TB. Tena alilia, akatusihi tusikwambie."