Nani Ataitumia Huko

Hii alinisimulia Honorine mwenyewe, jirani yangu hapa Kamembe, mwaka jana tukichambua maharage.

Marehemu mumewe, fundi wa redio, alimwachia mashine ya kupima umeme, yenye kioo cha duara. Mzungu mmoja wa Ubelgiji alitaka kuinunua, apelekewe huko kwao. Pesa yake ingetosha kununua mabati mapya, maana nyumba ilikuwa inavuja.

Kwenye ofisi ya duwane, yaani forodhani, walimwambia kifaa cha namna hiyo hakitoki nchini kabla hawajakiona kikifanya kazi, na kabla mwenyewe hajasema nani atakitumia huko.

"Iwashe, Maman, tuone kama si bomu," afisa akamtania.

Honorine hakujua kuitumia. Alijua kitu kimoja tu. Akaiwasha, akashika ncha ya waya wake kwa kidole, na mstari wa kijani uliokuwa umelala kwenye kioo ukaanza kucheza.

Marehemu alizoea kumshikisha hivyo baada ya kazi, halafu anacheka: "Ona, bibi yangu, moyo wako huo!"

"Ni nzima," afisa akasema. "Sasa, nani ataitumia?"

Kidole kilikuwa bado kwenye waya.

"Ni miye."

"Maman, nauliza muntu wa kule Ulaya."

"Nimesikia, mwanangu. Ni miye."

Akaifunga ndani ya kitenge, akarudi nayo kichwani.

Jioni mvua ikanyesha. Honorine akaiweka mashine upande usiovuja, yeye akajisogeza penye matone, akanyoosha mkono, akashika ile ncha ya waya, akalala.